Ng'ombe Aliyekataa Kusimama

Kazi iliyonilipa vizuri kuliko zote nilizowahi kufanya ilikuwa picha ya mti. Ukuta wa ofisi moja hapa Dodoma mjini, urefu wa mita 12, na juu yake maneno: TUNZA MAZINGIRA NAYO YAKUTUNZE. Siku ya pili nikiwa juu ya ngazi, mkubwa aliyenipa kazi alivuka barabara akasimama kuutazama ukuta kwa mbali. Akasogea kushoto, akasogea kulia, kisha akaita vijana wawili na shoka. Mbele ya ukuta palikuwa na mwarobaini, na chini yake mama mmoja alikuwa akiuza chai na maandazi tangu mimi sijajua kushika brashi. Mwarobaini ule ulikuwa unaziba picha. Kufika saa nane mchana ulikuwa chini, mama wa chai ameshahamishia meza yake kwenye kivuli cha ngazi yangu, na mimi huko juu naendelea kupaka majani rangi ya kijani.

Watu nikiwasimulia hucheka. Siku ile sikucheka, wala sikusema kitu. Nilikuwa nadaiwa ada ya mtoto. Jioni nikaosha brashi kwa tina, tina nikaimwaga mtaroni kama nilivyozoea, nikapokea hela yangu nikaenda nyumbani. Picha yenyewe haikumaliza miaka mitatu. Ukuta unaotazama magharibi hapa Dodoma, jua huubandua rangi kama ganda la kitunguu.

Uchoraji niliurithi kwa mjomba. Yeye aliujifunza Dar es Salaam, kwa vijana waliofuata nyayo za Edward Tingatinga, yule aliyeanza mwaka 1968 kuchora wanyama kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Mjomba aliniachia ngazi, makopo na wateja: maduka, saluni, milango ya malori, kuta za zahanati. Mwanamke juu ya ngazi watu walimshangaa mwaka wa kwanza, wa pili wakamzoea.

Lakini kabla ya mjomba alikuwepo mama. Nilizaliwa kwenye tembe, nyumba yetu ya Kigogo yenye paa bapa, kuta udongo, paa udongo. Kila mwaka baada ya mavuno mama alikandika upya, na hakuwa akikandika kwa udongo wowote tu. Mwekundu aliufuata kilimani, mweupe aliuchimba ukingoni mwa korongo, na chini ya ukuta, pale matone ya mvua yanaporukia, alipaka mchanganyiko wa majivu na samadi. Sisi watoto ndio tuliobeba debe. Nilijua rangi za kijiji chetu kwa uzito wake kichwani kabla sijajua majina ya rangi za dukani.

Basi baada ya ule mwarobaini nilianza kujaribu. Udongo mwekundu niliuponda, nikauloweka kwenye ndoo, nikaukoroga, nikaacha mchanga ushuke kwanza, halafu nikamimina yale maji mazito ya juu kwenye ndoo nyingine. Kinachotuama pale ndicho rangi. Unakianika, unakisaga, unakichunga kwa kipande cha khanga kuukuu. Nyeusi ni mkaa. Shida ilikuwa gundi. Ute wa yai ulileta sisimizi. Maziwa yalinuka wiki nzima. Nikakumbuka yale machozi magumu ya mgunga tuliyokuwa tunatafuna tukichunga, nikayaloweka usiku kucha, na asubuhi nikawa na gundi safi ya kung'aa.

Kazi ya kwanza niliyofanya nayo ilikuwa twiga kwenye ukuta wa darasa moja kijijini. Sikujua kwamba udongo mweupe wa kule korongoni una chumvichumvi. Mbuzi walijua. Ndani ya siku nne walikuwa wamemlamba twiga kuanzia kwato mpaka mabegani, wakabakiza shingo na kichwa vikielea juu ya ukuta kama vimesahauliwa. Mvua za Desemba zikamaliza shingo, maana gundi ya mgunga huyeyuka kwenye maji kama inavyoyeyuka mdomoni. Nilijisemea kuwa rangi hii haifai. Sikuwaza hata kidogo kwamba huenda ukuta ndio haufai.

Nilikwenda Kolo, wilayani Kondoa, mwaka huohuo. Wilaya ya Kondoa iko kaskazini kwetu, njia ya Babati, na michoro yake ya miambani imo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2006. Unapanda kilima, pumzi inakata, unafika chini ya mwamba uliojitokeza kama ukingo wa paa, na pale wapo: watu warefu wembamba, vichwa vyenye nywele kama kofia, swala, tembo, vyote kwa wekundu uleule wa debe la mama. Pembeni, na mahali pengine juu ya wale wekundu, kuna michoro mizito ya rangi nyeupe iliyopakwa kwa kidole, kazi ya wakulima waliokuja baadaye sana. Mwaka 1951 mwanaakiolojia Mary Leakey alikaa huku akiinakili michoro hii mmoja mmoja.

Nilimuuliza aliyetuongoza ni gundi gani walitumia. Hakunipa jibu la gundi. Alininyooshea ukingo wa mwamba juu yetu, akanionyesha mahali maji ya mvua yanapodondokea, hatua mbili nje ya michoro. Kisha akanionyesha madoa ya pombe. Watu wa huku bado wanakuja kutambika, wengine hunyunyizia pombe ya kienyeji mwambani. Nikasema kwa hasira ya fundi kwamba wanaharibu. Akanijibu taratibu, "Dada, hawa walikuwa wanakuja kabla hatujaweka kitabu cha wageni."

Nilirudi na mambo mawili kichwani, na sikuyapenda yote mawili. La kwanza, yule mchoraji alichagua mahali kabla ya kuchagua rangi. Mvua na jua alivipa nafasi yao akakaa pembeni. La pili, picha ile ilikuwa bado kazini. Ya kwangu ya mti haikuwahi kufanya kazi hata siku moja, ila ile ya kuukatisha mwarobaini.

*

Nyuma ya kijiji chetu, upande wa Chamwino, kuna kilima ambacho nikiwa mtoto kilikuwa na vichaka vya kupotelea mbuzi. Mkaa, mashamba na kwato vilikivua nguo. Uso wa udongo ulishikana ukawa ukoko mgumu, mvua ikinyesha haiingii, inateleza kama kwenye bati. Chini yake korongo lilikuwa limeshakula nusu ya njia ya kwenda kisimani, na kila masika linasogea.

Dodoma hatuna mvua nyingi za kuchezea. Kwa mwaka ni kama milimita 550 hadi 600 tu, na nyingi zinashuka kwa vishindo vichache kati ya Desemba na Aprili. Mteja wangu mmoja, fundi wa visima niliyemchorea mlango wa gari, ndiye aliyenifungua macho kuhusu hilo. Maji ya mjini kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Vipimo vya kule vinaanzia miaka ya 1950, na vinaonyesha kwamba maji ya chini hayapandi kila mwaka; yanapanda misimu michache ya mvua kubwa, pale mito yetu ya mchanga inapojaa na mchanga ukayanywa. Miaka mingine tunakunywa akiba. Aliniambia hayo huku mimi namalizia herufi, na nilipoteza mstari ikabidi nifute.

Kikundi cha wanawake wa vikoba kijijini, ambamo mama ni mweka hazina, kilikuwa kimeombwa na serikali ya kijiji kupanda miti kwenye kile kilima. Walishapanda mara mbili. Miche ya hafla mnaijua: inapigwa picha Januari, ifikapo Septemba umebaki mti wa kushikia kibao. Safari hii afisa ugani aliwaambia waache miche kwanza, wachimbe makingamaji ya nusu mwezi. Unachimba shimo pana lenye umbo la nusu duara, hatua tano kutoka pembe hadi pembe, kina cha shubiri moja na nusu, na udongo wake unaurundika upande wa chini uwe ukingo. Mdomo unatazama juu ya mlima. Maji yakishuka yanaingia, yanatulia, yanazama. Wanawake waliyaita nyungo, na ukiyaona kweli ni nusu ya ungo.

Walikuwa wameshachoka kabla ya kuanza. Kuchimba ukoko ule kwa jembe la mkono ni kama kuchimba sakafu. Mimi nilikuwa nimekuja kumsalimia mama, nikasimama mbele ya korongo, nikakitazama kilima kile chekundu kilichojiinamia kama ukuta mkubwa uliopigwa plasta, na mkono ukawasha. Nikasema, "Kama mtachimba mashimo mia mbili, kwa nini yasikae mahali pa kuonekana kitu?" Mama akauliza kitu gani. Nikasema ng'ombe. Kwa Mgogo ungesema nini kingine?

Afisa ugani alikubali akicheka, kwa sharti moja: kila ungo ukae kwenye kontua, yaani mstari wa usawa unaozunguka mlima bila kupanda wala kushuka. Akatufundisha kuupima kwa fremu ya A, vijiti vitatu, kamba na jiwe la kuning'inia. Nikamwitikia ndiyo, ndiyo. Kichwani nilikuwa nimeshaona ng'ombe wangu amesimama, hatua mia na arobaini kutoka pua hadi mkia.

Tulipiga mambo, vile vijiti vya kupimia, na kunyoosha kamba siku mbili. Siku ya tatu asubuhi hakukuwa na mambo hata moja kilimani. Yote yalikuwa yamefungwa kwa kamba zetu wenyewe, yakawekwa vizuri mlangoni kwa mama.

Anayeishi Dodoma ataelewa mara moja. Tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, mtu akionekana na mambo na kamba, watu wanajua shamba linageuka viwanja. Wazee walikuwa na hofu nyingine ya zamani zaidi. Tulipokaa chini ya mbuyu kuzungumza, mzee mmoja ambaye wakwe zake ni Warangi wa Haubi, kule Kondoa, ndiye aliyesimama.

"Mbukwa, binti."

"Mbukwa, babu."

"Wewe hukuwepo. Kondoa walianza hivihivi, wakasema Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Mwaka 1973 wakaja na matuta na miche, tukafurahi. Mwaka 1979 wakasema mifugo itoke yote. Mkwe wangu alihama na ng'ombe zake usiku, analia. Kamba ikinyooshwa mlimani, mimi nahesabu ng'ombe wangu."

Sikuwa na la kujibu, maana ni kweli. Eneo la kilomita za mraba 1,256 lilifungwa kwa mifugo. Na ni kweli pia kwamba leo ukipita Haubi unaona miti na nyasi mahali palipokuwa makorongo matupu. Lakini hilo sikulisema siku ile, na nadhani nilifanya vyema. Mtu akikuonyesha kovu humwambii kwamba limepona vizuri.

Tuliacha mambo na kamba. Nikabeba ndoo ya majivu, nikachora kilimani kwa mkono, nikitembea kinyumenyume, wanawake wakinielekeza kwa kelele kutoka ng'ambo ya korongo. Wazee walikuja kuangalia jioni. Walipoona ni ng'ombe, hofu iligeuka ubishi. Nundu iko mbele mno. Pembe gani hizo, za nyati? "Ni dume au jike?" aliuliza yule mzee. Nikasema sijaamua. Akasikitika kwa dhati, akachukua ndoo ya majivu mkononi mwangu akarekebisha nundu mwenyewe.

Kuchimba kulichukua wiki sita. Wanawake 19, siku tatu kwa wiki, baada ya kazi za nyumbani. Wenzangu wawili ni wapigaji wa muheme, zile ngoma za wanawake wanazozibana mapajani, na walikuja nazo. Kundi moja linachimba, kundi jingine linapiga, kisha wanapokezana. Ngoma ile waliokwenda tamasha la muziki wa Kigogo pale Chamwino wanaifahamu jukwaani, na pale inapendeza. Lakini jembe likishuka pamoja na mkono wa mpigaji, udongo wenyewe hujibu. Siwezi kuieleza zaidi ya hapo.

Miguu nilichimba kinyume na sharti. Nilimwambia afisa ugani ni minne tu, mlima mkubwa. Mguu wa ng'ombe aliyesimama ni mstari unaoshuka, na nilitaka asimame.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja usiku. Asubuhi tulikuta nyungo za mgongoni na tumboni zimejaa maji yaliyotulia, mekundu kama chai ya maziwa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona kwenye kilima kile. Miguu ilikuwa imegeuka mifereji minne. Maji yaliyozidi tumboni yaliipata, yakashuka nayo, yakachimba hadi magotini, na mchanga wote ukaenda kulala juu ya shamba la karanga la jirani ya mama. Nilikuwa nimekuja kuziba korongo moja nikaanzisha manne. Jirani hakunitukana. Alisimama pembeni ya shamba lake akisema, "Haya, Fundi. Haya." Nililipa mbegu na vibarua wa kutoa mchanga, na niliona haya kupita mbele ya nyumba yake mpaka mwaka ukaisha.

Hapo ndipo nilipojifunza kuchora upya nikiwa na umri wa miaka 43. Ukutani mstari ni wangu. Nikitaka unapanda, nikitaka unashuka. Mlimani mstari una mwenyewe. Mvua ilikuwa imekubali mgongo, imekubali tumbo, shingo na mkia uliolala, kwa sababu vyote hivyo vinakwenda pembeni. Imekataa miguu. Ng'ombe pekee anayeweza kukaa kwenye kontua ni ng'ombe aliyelala.

Kiangazi kile tuliziba mifereji kwa mawe na matawi ya miiba, tukamkunjia miguu chini ya tumbo. Mzee alipomwona alifurahi kuliko mwanzo. "Aliyelala anacheua. Yule wako wa kwanza alikuwa na njaa." Yeye ndiye aliyesema tutie samadi kwenye nyungo, tena ile kavu. Nilidhani ni mbolea. Akasema si mbolea, ni chambo. Mchwa wanafuata samadi, wanatoboa ukoko kuifikia, na matundu yao yakishakuwa mengi maji yanapata pa kuingilia. Nilitumia wiki nzima kiangazi kile nikichuchumaa kuangalia mchwa wakifanya kazi ambayo jembe langu lilishindwa.

Kulikuwa na kazi nyingine ndogo niliyoipenda. Kilima kile kilionekana kitupu lakini ardhini kulikuwa na visiki hai vingi, mizizi yenye nguvu iliyokuwa ikichipua vijiti kila mwaka na mbuzi wakavikata kila mwaka. Njia hii hapa Dodoma inafahamika kwa jina hilohilo, kisiki hai: unachagua machipukizi machache yaliyonyooka, mengine unayapogoa, unaweka alama, unalinda. Alama yetu ilikuwa vipande vya khanga kuukuu, rangi nilizipanga mimi, nyekundu mgongoni, njano shingoni. Vilidumu miezi michache. Baadaye nilikuta nyuzi za njano zimesukwa kwenye kiota cha mnana juu ya mgunga, kazi safi kuliko yangu.

Masika ya pili ng'ombe alitoka. Mbegu za nyasi tulikuwa tumezikusanya makaburini, mahali pekee pasipochungwa, tukazitupa ndani ya nyungo. Katikati ya Januari kilima kilikuwa chekundu na juu yake amelala ng'ombe wa kijani. Abiria kwenye kosta walikuwa wanaamshana. Nilikaa ng'ambo ya korongo na mama, tukila ugali wa uwele na mlenda, na hatukuwa na maneno.

Wanaojua Dodoma wanajua Februari. Katikati ya masika mvua hukatika, wiki mbili, wakati mwingine nne, na kila kitu kinanyauka. Nyasi za bondeni ziliisha. Nilikuwa mjini nikichora bango la duka la dawa mama aliponipigia simu. Ng'ombe wamemla ng'ombe. Vijana walipandisha mifugo asubuhi, na kufika jioni kichwa, pembe na nundu hazikuwepo.

Nilikuja nikiwa nawaka. Niliitisha kikao, nikataka faini, nikataka majina. Nilisema maneno mengi kuhusu jasho la wanawake 19. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, akasema, "Binti, umechora chakula. Ulitaka wakipite wakiangalia?"

Kicheko kilichofuata kilinichoma, kisha kikanipoza. Mazungumzo yaliyokuja baada ya hapo ndiyo yaliyokilinda kilima, wala si picha. Wazee walikumbushana juu ya milaga, malisho ambayo zamani Wagogo walikuwa wakiyatenga masika yasiguswe, yawasaidie ndama na wanyama dhaifu wakati wa kiangazi. Wengi wa vijana waliochunga siku ile hawakuwahi kuliona hilo kwa macho yao. Walikubaliana: hadi nyasi zipukutishe mbegu, hapana kuchunga; zikishapukutisha, kina mama wanakata na kubeba, kila kaya fungu lake; mwisho kabisa ndama peke yao wanaingia. Hakuna aliyependekeza bango. Mimi mchora mabango sikupendekeza pia. Ulinzi walipewa vijana walewale, na kwa kuwa walihitaji kuelekezana, viungo vya ng'ombe vikawa ramani yao. Utasikia mtoto wa miaka tisa anapiga kelele: kuna mbuzi mkiani!

Sasa ni masika manne tangu ndoo ya majivu, na ng'ombe haonekani. Nyasi zilitoka nje ya mistari, upepo ukapeleka mbegu kila mahali, visiki vilivyofungwa khanga vimefika mabegani kwangu na vingine vimenipita. Korongo halijajaa, nisidanganye. Ila kwenye kichwa chake niliweka jiwe, na tangu mwaka juzi jiwe lipo palepale. Mwaka huu watu wa mjini walikuja na kamera kumtafuta ng'ombe waliyemwona kwenye simu zao. Hawakumwona. Wakaniomba nifyeke kwenye mistari na kupaka mawe chokaa ili atokee tena, wakataja kiasi kinachokaribia kile cha ule ukuta wa mti. Nitasema ukweli: sikukataa palepale. Nililala nikiwaza. Asubuhi nilipanda kilimani kuangalia kama kazi yenyewe ingewezekana, nikashindwa kuujua mgongo ulipo. Nikamwita kijana mmoja mchungaji anionyeshe. Alinipeleka moja kwa moja, akasimama kwenye nyasi za kiunoni, akasema, "Hapa ndipo jicho, Fundi. Ukifyeka hapa ndama watakula nini Septemba?" Nikashuka, nikawapigia simu nikawaambia haitawezekana.

Julai tulikata nyasi. Mafungu yalipangwa chini ya mbuyu, moja kwa kila kaya, na lilipobaki moja wanawake wakasema ni la Fundi. Nikawaambia mimi nakaa mjini, sina hata kuku. Mama akanikonyeza nipokee. Nilifunga mzigo ule nyuma ya bodaboda hadi barabarani, nikabishana na kondakta wa kosta kuhusu nauli ya nyasi, nikaingia nao Dodoma ukining'inia juu ya keria. Mtaani kwangu yupo jirani anayefuga ng'ombe wa maziwa wawili uani. Aliuzunguka mzigo, akanusa, akavuta majani kadhaa akayatafuna kama mtaalamu, akanipa elfu tatu.

"Nzuri hizi. Za wapi?"

"Za pajani," nikamwambia.